Wekesa na Ukuta wa Heshima

Nayakumbuka mambo ya Jumapili moja kule Ruiru, tulipokuwa vijana, kana kwamba vumbi la uwanja ule bado liko kwenye viatu vyangu. Kaa hapa, mwanangu, nikueleze. Umeniuliza kwa nini siku hizi sitaki kwenda mikutano ya kamati, na jibu linaanzia huko. Nitalisema polepole. Nimechoka, sitakuficha.

Mchezo wenyewe ulikuwa besiboli. Wengi hapa Thika hawakuujua, na wengine mpaka leo hawaujui. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne vinavyoitwa besi, na wale wa upande wa pili wanaudaka kwa glavu ili wamzuie. Mimi nililinda besi ya pili. Kulia kwangu, katika lile pengo la kati ya besi ya pili na ya tatu, alisimama Wekesa. Mahali hapo panaitwa shotistopu, na mipira mingi mikali hupitia hapo.

Wekesa alikuwa ametoka Bungoma kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, na mimi nilikuwa wa kiwanda hichohicho. Yeye hakujua Kikuyu, mimi sikujua Kibukusu. Tulielewana kwa Kiswahili chetu cha kuungaunga, na uwanjani hatukuhitaji hata hicho.

Jumapili hiyo mchezo ulikuwa umekaribia mwisho. Mpigaji wao akaupiga mpira ukaenda mbali kabisa upande wa Wekesa, chini chini, kwa nguvu. Wekesa akakimbia, akajitupa kwa tumbo, akaupata. Akainuka kwa goti moja akaurusha besi ya kwanza. Mpira ukaenda pembeni, ukabiringika mpaka kwenye ua, na mtu wao akakimbia akaingia besi ya mwisho. Tukawa tumeshindwa.

Kwenye lori la kiwanda, tukirudi Thika, watu walimnunia. Mmoja akamwambia, "Kama ulijua hutaweza, si ungeuacha tu?" Mwingine akasema huo ni mchezo wa watu wenye akili. Wekesa alikuwa anatoa changarawe kwenye kiwiko chake.

Kocha wetu alikuwa Mzee Gatimu, msimamizi wa stoo, mtu mwembamba mwenye sauti ndogo, aliyejifunza mchezo huu kwa padri mmoja mgeni. Kesho yake baada ya kazi akatuita uwanjani. Kila aliyekuwa amemsema Wekesa akamsimamisha pale kwenye shotistopu, mmoja baada ya mwingine, kisha yeye mwenyewe akachukua gongo akawapigia mpira upite palepale ulipopita ule wa Jumapili. Hakuna aliyeufikia. Wengine walikimbia hatua chache wakasimama wakiutazama ukienda. Wekesa alikuwa amekaa kwenye nyasi, amejiinamia, anaona aibu kwa niaba yao.

Walipomaliza, Mzee Gatimu akasema, "Mmeona? Leo hakuna aliyekosea. Hamkuugusa mpira, sasa mtakosea nini? Huyu aliufikia, ndiyo maana mkapata cha kumsema."

Wekesa alicheza pale miaka mingi, mpaka magoti yakakataa. Nikwambie ukweli wake wote: kupiga hakujua. Akishika gongo, hata akina mama waliouza ndizi kando ya uwanja walijua anarudi kukaa sasa hivi. Lakini akiwa na glavu, mwanangu, sijaona mwingine.

Basi, si zamani sana, vijana waliocheza baada yetu walijenga ukuta kando ya uwanja, hapa Thika, wakaamua kuandika hapo majina ya wachezaji wa zamani wanaostahili kukumbukwa. Si kila mtu. Jina moja kwa mwaka. Wakaniweka kwenye kamati kwa sababu ya mvi zangu, na kila mwaka mimi nilitaja jina lilelile. Kila mwaka likawekwa kando. Utu uzima una uchovu wake, lakini kusema jambo moja mbele ya watu wanaokuheshimu bila kukusikia kunachosha zaidi.

Mwaka huu tulikutana kwa mwenyekiti wetu, Mburu, nyumbani kwake Ngoingwa. Mburu ni kijana kwangu ingawa ana watoto wakubwa, na enzi zake alikuwa mpigaji wa kuogopwa.

"Guka," akaniambia, kwa heshima ya babu, "mimi nilimuona Wekesa akicheza nikiwa mtoto. Kudaka alikuwa fiti, sikatai. Lakini kupiga alikuwa ziro. Tukimweka yeye, kesho kila mtu ataleta rafiki yake. Huo ukuta utajaa, na hautakuwa na maana tena."

Hayo hayakuwa maneno ya kipumbavu. Ukuta wenye jina la kila mtu ni ukuta tu. Nikamjibu kwamba mpigaji kazi yake inaonekana, mpira unapaa na watu wanapiga makofi, lakini mtu wa shotistopu kazi yake ni mambo yasiyotokea. Mkimbiaji hafiki besi. Mchezo unaendelea. Watu wanaenda nyumbani wakisema mrushaji wetu leo alikuwa mzuri. Nikamwambia, wengi walioandikwa pale, na wewe ukiwa mmoja wao, mlishinda kwa sababu ya watu kama huyo.

Njeri, katibu wetu, ni mtu mwenye huruma. Akaona tunaanza kupandishiana sauti, akasema, "Si tuandike tu kwamba alikuwa mpigaji na mdakaji hodari? Nani atauliza? Sote tunataka mzee afurahi."

Mburu akafikiri, akasema ikiandikwa hivyo watu hawatamletea maswali, yeye hana shida. Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba neno la kukubali lilikuwa mdomoni. Nikasema nitamuuliza Wekesa mwenyewe kwanza.

Wekesa anakaa Kiuu, nyumba ya kukodi, ghorofa ya chini, kwa sababu magoti hayapandi ngazi. Nilimkuta ameweka miguu juu ya stuli, na mkewe, Mama Truphena, anachambua mboga ya mrenda kwenye ungo. Tukajuliana hali, tukaulizana watoto, kisha nikamweleza.

"Wanataka kuandika nini?" akauliza.

"Kwamba ulikuwa mpigaji hodari pia."

"Baba Wanjiru, wewe uliniona nikipiga."

"Nilikuona."

"Basi wale tuliocheza nao wakipita hapo wakasoma, watacheka. Wakishacheka hilo, hata lile la kweli hawataliamini. Waambie waache."

Mama Truphena hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Mimi ningependa kuliona hilo jina," akasema. "Nimefua zile nguo za matope miaka yote hiyo. Kila Jumapili nilienda kanisani peke yangu na watoto, watu wakiniuliza bwana yako yuko wapi."

Wekesa akatazama magoti yake. "Najua, Mama Truphena," akasema. "Najua." Lakini hakubadilisha neno.

Nikapeleka jibu lake kwa kamati. Nadhani lilimgusa Mburu. Hata hivyo walipiga kura, na waliomkataa walikuwa wengi. Mburu akanisindikiza mpaka getini.

"Guka, usinichukie," akasema.

"Sikuchukii. Umekosea tu."

Nikamwambia watafute mzee mwingine wa kukaa kwenye kiti changu cha kamati.

Asubuhi iliyofuata nikarudi Kiuu. Njiani nilikuwa nikitafuta namna ya kulisema, na nilipofika sikuwa nimeipata.

"Wamekataa," nikasema.

"Nimeona kwa uso wako. Keti." Akangoja nipumue. "Na wewe uliwaambia nini?"

Sikutegemea swali hilo. Nikaanza kumweleza. Nilivyowaambia kuhusu mipira aliyoifuata ambayo hakuna mwingine angeifuata. Nilivyowaambia kwamba mrushaji wetu akianza kutetemeka, yeye ndiye alikuwa akimwendea na kumnong'oneza upuuzi fulani mpaka acheke. Na nikawaambia habari ya msimu ule nilioumia kifundo cha mguu nikaficha, nikiogopa kuondolewa kwenye timu. Msimu mzima Wekesa alisimama karibu na upande wangu kuliko ilivyompasa, akidaka mipira yangu pamoja na yake, na yake ikimpita akasemwa yeye.

Wekesa alikuwa ananitazama. "Kumbe ulijua?"

"Nilijua."

"Hukuwahi kuniambia."

Tumezikiana wazazi, tumeozesha mabinti, tumekunywa chai pamoja mara zisizo na idadi, na neno hilo nilikuwa nimelipeleka Ngoingwa kwa watu wasiohusika kabla ya kulileta kwake.

Mama Truphena akaweka ungo chini, akavuta stuli akakaa karibu nasi, akifuta mikono kwa leso.

"Anza tena, Baba Wanjiru," akasema. "Mimi sikusikia mwanzo."

Nikaanza tena. Nilieleza yote, taratibu, bila kuongeza kitu. Alinikatiza mara kwa mara kuuliza huyo alikuwa nani, hiyo ilikuwa wapi. Wekesa alikuwa ameelekeza uso dirishani, na hakutaka tuone macho yake.

Sasa unaniuliza kama Wekesa anastahili kuwa kwenye ukuta ule. Anastahili, mwanangu, na hilo nitalisema mpaka mwisho wangu. Lakini kura ni yao, na mimi nguvu za kugombana zimeniishia.

Ninachokuomba wewe ni kidogo. Ukisikia mtu anahesabiwa makosa, uliza kwanza ni mangapi aliyojaribu ambayo wengine waliyaacha yapite. Ukimsifu, msifu kwa alichofanya kweli, usimpambe kwa cha mwingine, maana utamnyang'anya hata kilicho chake. Na kama kuna mtu aliyekubebea mzigo wako akanyamaza, usingoje kamati wala ukuta. Mwendee. Mwambie kwa mdomo wako, na wale wa nyumbani kwake wakiwepo, kwa sababu na wao walilipa.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe watu wema wa kusimama kando yako, na akupe ujasiri wa kuwaambia asante wangali wanasikia. Nenda na amani. Mimi acha nilale kidogo.