Kinu cha Kambo Kwenye Televisheni

Jumapili iliyopita nilicheka mpaka machozi, halafu kicheko kikakatika ghafla. Ngoja nikueleze.

Rafiki yangu wa utotoni, tuliyetenganishwa na ukuta mmoja tu katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, siku hizi anaandika vichekesho vya televisheni. Hiki kipya kinahusu kambi yetu, miaka ile mishahara ilipokatika. Alitualika kwake, mtaa wa Golf, mimi na bibi yangu, ambaye kambi nzima ilimwita Kambo, yaani bibi, tukitazame pamoja na wageni wake.

Na kweli, kila kitu kilikuwa palepale. King'ora cha asubuhi, sahani za bati zenye maua, vitambaa vya kufuma juu ya viti, mbabula ya makala, lile jiko la mkaa, ikifuka moshi mlangoni. Hata akina baba wakirudi mikono mitupu huku wakijifanya wana haraka! Nilisikia kabisa harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, ikichemka na mawese. Kambo alikuwa anapiga makofi: "Ona kwetu! Ona kwetu!"

Kisha akatokea mwanamke mzee, kilemba kimefungwa kama cha Kambo, anatwanga kinu kisicho na kitu ili majirani wafikiri ana sombe. Wageni wakaangua kicheko.

Damu ilinichemka. Kambo alifanya hivyo jioni nyingi, na nje ya nyumba yetu aliyejua siri hiyo ni mtu mmoja tu, huyu rafiki yangu. Jioni moja aliingia jikoni bila hodi, kama kawaida yake, maana kwao pia hakukuwa na kitu. Kambo akaweka mchi chini, akamkalisha, akampa kipande baridi cha bukari, ule ugali wetu, alichokuwa ameniwekea mimi. "Kula, mwanangu," akamwambia. "Lakini mambo ya kinu, usiambie bantu." Naye akaapa hataambia watu, huku mdomo umejaa. Siku ile sikununa. Leo nimenuna, tena sana.

Wageni walipotulia, Kambo aliuliza taratibu, bila hasira: "Yote iko sawa, mwanangu. Lakini ule mutoto mwenye alikuwa anakula, iko wapi?"

Rafiki yangu akainama kurekebisha mto wa kiti. "Kambo, ni comédie tu, ni kuchekesha tu."

Watu wananiuliza kama kichekesho hiki kinasema kweli kuhusu miaka ile. Kinasema kweli, kwa sababu mwandishi alikula kwetu. Ndiyo maana kinaniuma.

Kambi haipo tena kama tulivyoijua. Nyumba ziliuzwa, kuta zikapandishwa, na watoto wanagonga geti kabla ya kuingia kwa jirani. Sombe inauzwa sokoni imeshasagwa kwa mashine, ila Kambo hakuikubali kamwe. Alitwanga yake mwenyewe uani, na sauti ya mchi wake ndiyo iliyokuwa imenibakia ya utoto wangu.

Jana alinituma sokoni nikamletee ya mashine. Nikamwuliza kinu kina nini.

"Ile kinu, bantu balisha kuiona mu televisheni," akasema, akaingia ndani.