Kumsomea Mwalimu Mwisho wa Ming

Likizo ya Juni, miaka ile ya themanini, nilifunga safari ya Kimuli kwa sababu ya kitabu. Mwalimu Simeoni, aliyenifundisha historia, alikuwa haoni tena, naye alinitumia salamu: "Njoo unisomee mwisho wa Ming." Darasani kila mwaka alitusimulia ufalme ule wa China mpaka pale waasi walipouzingira mji mkuu, kisha akafunga kitabu. Yeye mwenyewe aliikimbia Rwanda akiwa kijana, na habari za mji kuanguka hakuweza kuzisoma.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Ihanda kwa baiskeli, kitabu nimekifunga ndani ya kanga ya mke wangu. Kila ua lilikuwa limeanikwa kahawa. Vilima vyetu havina huruma: kupanda nilisukuma, kushuka nilimwomba Mungu. Nilipopita Nkwenda mnyororo ulikatika, nikamalizia kwa miguu huku nikiilaani ile baiskeli.

Saa tisa alasiri nilibisha hodi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kitabu hujakisahau?"

Hata habari za nyumbani hakuniuliza. Nilicheka, nikaketi, nikasoma.

Waasi waliingia Beijing. Mfalme alipiga kengele kuwaita mawaziri wake, asije hata mmoja. Akapanda kilima nyuma ya jumba lake, akajinyonga. Waasi nao hawakudumu. Baada ya majuma machache walitimuliwa na Wamanchu kutoka kaskazini.

"Na wale waliokimbia?" aliuliza Mwalimu. "Walirudi kwao?"

Nilifunua kurasa zilizobaki, moja moja.

"Kitabu hakisemi, Mwalimu."

Huku kwetu mgeni hupewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, na anayempa ni mwenye nyumba. Miaka yote Mwalimu alimwita jirani aje anipe, akisema, "Mimi mwenyewe ni mgeni hapa, nitakukaribisha kwetu." Siku hiyo aliinuka, akapapasa ukutani, akakileta kikapu mwenyewe kwa mikono miwili.

"Karibu kwangu," akasema.

Nilitafuna huku machozi yakinilenga.

Kesho yake jioni nilirudi Ihanda. Mke wangu aliuliza kama Mwalimu bado anazungumzia kurudi kwao.

"Ameacha."

"Afadhali, mzee wa watu atatulia."

Huenda. Safari ile ilinifunza kwamba hamu ya kwao ndiyo iliyokuwa ikimwamsha kila asubuhi, na mimi ndiye niliyeizima kwa kusoma vizuri. Laiti ningemdanganya.