Kihispania cha Kumwelezea Marehemu

Mdogo wangu alifia Hispania na kuzikwa huko huko, na hakuna hata mmoja wetu wa Kilwa aliyemtia mchanga kaburini. Ugonjwa ulianzia kwenye titi ukaingia mapafuni. Mumewe alitutumia picha moja: tuta la udongo mwekundu kwenye makaburi ya Waislamu nje ya mji wao, mvua imelimega upande mmoja. Nilimwonyesha mama kwenye simu. Akaitazama, akanirudishia simu, akasema, "Hapo naona udongo tu."

Hakulia. Matanga aliyakataa. Majirani walikuja na mikeka yao, akawapikia chai, akawauliza habari za watoto wao hadi wakaona aibu, wakaaga.

Tangu hapo akawa na safari yake ya kila siku. Akishaswali alasiri hujitanda kanga, huvuta mlango wa uani, hutembea taratibu hadi stendi ya Masoko kungoja basi la kutoka Dar. Hukaa kwenye benchi la muuza maji, huwatazama abiria mpaka wa mwisho ashuke, kisha hurudi nyumbani kupika. Hakusema anamngoja nani, na sisi hatukumuuliza.

Mwaka uliofuata, shule za kwao zilipofungwa, shemeji akaja na binti yao. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Mara ya mwisho tulimwona akiwa wa kubebwa mgongoni. Kiswahili chake kilikuwa vipande vya maneno aliyoambiwa na mama yake jikoni na kitandani. Aliposhuka kwenye gari alisema "shikamoo" kwa kila aliyemwona, hata kwa watoto wenzake. Mama aliitika "marahaba" huku amemshika mashavu, hataki kumwachia.

Shemeji, Mhispania, Kiswahili alikijua kidogo tu, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Kihispania changu nilikiokota jikoni, kwa watafiti waliokuwa wakichimba magofu ya Songo Mnara. Niliwapikia kwa misimu kadhaa. Nilijua kusema chumvi, moto, imeungua, nani bado hajala. Baadaye mdogo wangu alinikazania kwenye simu, akinicheka matamshi. Lakini sikuwahi kutakiwa kueleza maisha ya mtu.

Asubuhi ya kwanza tulikaa ukumbini kunywa chai. Mama alimwekea mjukuu wake mihogo ya nazi, akaanza kumsimulia. "Mama yako huamka kabla ya adhana. Hufagia uwanja wote, ndipo humwamsha dada yake huyu mvivu. Mkate hali mpaka auchovye."

Nikafungua mdomo, neno halikuja. Huamka, hufagia: ndivyo tunavyomsema aliye hai. Aliyekwisha kufa tungesema alikuwa akiamka, alikuwa akifagia. Mama aliijua tofauti hiyo vizuri, na alikuwa amechagua. Neno pekee la desturi nililolijua lilikuwa *costumbre*, kwa hiyo nikaunga maneno bila kutia wakati wowote ndani yake: desturi ya mama yako, kuamka mapema, kufagia, mkate kuchovya.

Mtoto alinikazia macho. "Mama mkubwa, unaongea kama kibao cha dukani," akaniambia kwa Kihispania.

Mchana nilimkuta shemeji uani akiparua samaki. Nikamuuliza ni neno gani hasa la kusema mambo ambayo mtu huyafanya kila siku. Alifurahi kuulizwa. *Costumbre*, alisema, ni desturi, iwe ya watu wote au ya mtu mmoja. *Rutina* ni mpangilio wa siku, kazi hii kisha ile, na mara nyingi huwa na uchovu ndani yake. *Hábito* ni tabia iliyokwisha kumkaa mtu, kama sigara. "Lakini wewe unatafuta kitenzi," akasema. "*Suele levantarse temprano*. Huamka mapema, na kesho ataamka tena. *Solía levantarse*..."

Magamba yalikuwa yamemganda mikononi.

"Alikuwa akiamka," nikamalizia.

"Ndiyo. Mimi mwenyewe ilinichukua muda mrefu. Nikiongea na walimu wa mtoto nilikuwa nasema *suele*, nao wanatazama chini." Akaweka kisu kwenye sinia. "Shemeji, nakuomba umwambie mtoto *solía*, kila mara. Maziko hakuyaona. Nilimpeleka kwa wazazi wangu, nikidhani namhurumia. Siku moja akaniuliza kama mama yake amerudi Kilwa."

Basi nikawa nafanya hivyo. Mama anasema hupenda, mimi nasema alikuwa akipenda. Mama anasema huimba akifua, mimi nasema alikuwa akiimba. Alikuwa ananitabasamia, akiamini namfikishia mjukuu maneno yake kama yalivyo, na mimi kila sentensi naona namfukia mdogo wangu kwa koleo. Mtoto alisikiliza akitafuna polepole. Siku moja akaniuliza, "Bibi anajua?"

"Anajua."

"Sasa mbona anacheka?"

Nikamwongezea chai.

Siku chache baadaye mama alimshika mjukuu wake mkono baada ya alasiri, wakaondoka pamoja. Nikawafuata. Stendi ilikuwa na vumbi na kelele za bodaboda. Basi likaja. Wakashuka watu na magodoro, mwanafunzi na tranka lake, mwanamke mwenye boksi la vifaranga. Mama alikuwa ameinama mbele, shingo imemtoka.

"Bibi anafanya nini hapa?" mtoto akaniuliza kwa lugha yake.

Maneno yote aliyonipa shemeji yalinijia, na kila moja nikaliona uongo. "Anasubiri," nikasema.

"Nani?"

Kondakta alifunga buti la mizigo kwa kishindo. Mtoto aliutazama mlango wa basi uliobaki wazi, akamtazama bibi yake, akamvuta kanga.

"Bibi," akasema kwa Kiswahili. "Mama haji."

Mama hakugeuka. "Amesema nini huyu?"

"Umemsikia, mama."

"Nataka useme wewe."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya benchi, sikuuona uso wake. "Amesema mama yake haji."

"Nani kamfundisha?"

Nikamuuliza mtoto. Alisema baba yake alipochelewa kazini, mama yake alikuwa akipakua chakula na kusema, baba haji, tule sisi. Nikamweleza mama hivyo hivyo.

"Kumbe ni yeye," mama akasema. Akaachia mkono wa mtoto, na sauti ikamtoka ambayo sijawahi kuisikia kwake, nzito, kama ya mtu anayejaribu kunyanyua kitu asichokiweza. Muuza maji alizima redio. Mtoto aliogopa, akaja kujificha ubavuni kwangu, akawa anarudia, "Nimekosea neno? Nimekosea?"

"Hapana," nikamwambia. "Umesema sawasawa."

Nyumbani mama alilala ameelekea ukutani. Chakula alikigusa tu. Mjukuu akimpelekea uji, alipokea kikombe bila kumtazama, na mtoto alitoka chumbani akijifuta macho. Zikapita siku za namna hiyo, mpaka asubuhi moja mama akamwita shemeji. Nikakaa kati yao.

"Nani alimwosha?"

"Wanawake wawili wa msikitini kwetu, mama. Wamoroko. Hata majina yao siyajui."

"Walimsitiri vizuri?"

"Vizuri."

"Maji yalikuwa ya moto? Huko kuna baridi."

Shemeji akaziba uso kwa viganja. Nilijibu mimi, kwamba yalikuwa ya moto. Mama akakaa kitandani, akafunga kanga yake vizuri. "Waiteni watu," akasema. "Tumsomee hitma."

Majirani walirudi na mikeka yao, na safari hii walikaa. Mtoto alinong'ona akiuliza kwa nini watu wanakuja kusoma na kula wakati mama amekufa zamani. Nikamwambia, *es costumbre*, ndiyo desturi yetu. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kusaidia kugawa tende.

Shemeji na mtoto wamesharudi kwao. Mama haendi tena stendi. Nilidhani tutapumua, lakini sasa baada ya alasiri hana pa kwenda. Hukaa kitandani amejitanda, mikono mapajani, mpaka giza liingie. Mkate huuacha kwenye sahani. Akimtaja mdogo wangu husema alikuwa, kwa sauti ndogo.

Jumamosi mtoto hupiga simu. Huniuliza bibi anafanya nini siku hizi, nami humwambia ukweli: hukaa, hula kidogo, haongei sana. Upande wa pili nasikia vyombo vya jikoni kwao, baba yake akipakua.

"Mwambie ale," mama anasema kutoka chumbani.

Nami namwambia.