Hina Mguuni, Hatamu Mkononi

Nakumbuka siku moja ya vuli, mwanangu, mvua ya alfajiri imekwisha kupita na vichochoro vya Kuze vinanukia udongo, nami niko juu ya farasi na kanzu ya kaka yangu, kofia imenishuka hadi kwenye nyusi, nikijiona nimeuhadaa mji mzima wa Mombasa. Kaa kitako nikusimulie. Na usinikatize kuniuliza kama ni kweli, maana ningetaka kusema uongo ningechagua mdogo kuliko huu.

Ilikuwa miaka ile ya vita vikuu vya pili. Petroli ilikuwa adimu, na mtu mwenye mnyama wa kupanda alikuwa mtu kweli. Ukingoni mwa Kuze, upande wa kwenda Makadara, alikaa Mbulushi mmoja jina lake Bwana Dadi, mwenye farasi kumi na ua mpana nyuma ya nyumba yake. Alifundisha watu kupanda. Watani wa mtaani waliita mahali pale chuo cha farasi, kwa kuwa chuo kwetu ni mahali pa kusomea Kurani, naye alifundisha vivyo hivyo kama maalimu wa chuoni: bismillahi kwanza, kisha somo, kisha kofi kwa aliyesahau. Wavulana walisoma asubuhi. Alasiri mkewe, Bi Gulu, alitufundisha sisi wasichana watatu, ndani ya ua, nyuma ya ukuta. Hapakuwa na neno. Ukuta ulikuwa mrefu, na lolote lililo nyuma ya ukuta mrefu mji wetu huliita heshima.

Lakini raha ya chuo kile ilikuwa vuli. Kiangazi ardhi huwa ngumu ikaumiza kwato, na masika ni tope tupu. Vuli ndiyo mvua ya adabu: hunyesha, ikaondoka, ikaacha njia laini na majani mabichi. Basi kila Alhamisi ya vuli Bwana Dadi aliwatoa wanafunzi wake nje. Kwanza walizungushwa Kuze wazazi wawaone, na wanawake madirishani ghorofani wakawanyunyizia marashi kwa mirashi ya fedha. Kisha msururu ukashika njia ya Makupa mpaka ufukwe wa Kibarani. Nyinyi Kibarani mwaijua kwa jaa la takataka. Sisi tuliijua kwa nyasi. Huko walifunzwa kushuka mteremko, kuvuka tope, kumwacha farasi akimbie na kumrudisha kwa ulimi bila kumkata mdomo kwa lijamu.

Wavulana, nasema. Sisi watatu tulibaki nyuma ya ukuta tukizunguka kama punda wa kinu.

Na mimi nilijua kupanda. Sijisifu, au najisifu, haidhuru. Farasi wangu alikuwa jike mwekundu, Marijani, na kaka yangu Athmani, mmoja wa wavulana wa asubuhi, alikiri mbele ya watu kwamba kwa Marijani mimi nilikuwa fundi na yeye mzigo. Ndiyo maana nampenda mpaka leo, Mungu amrehemu. Alhamisi ile Athmani aliamka na homa. Nikamwomba kanzu yake na kofia. Akanitazama, akacheka mpaka akakohoa, akanipa.

Bwana Dadi aliponiona nikimpanda Marijani aliitazama mikono yangu ilivyoshika hatamu, kisha akageuka kukaza tandiko lake ambalo lilikuwa limekwisha kukazwa. Alijua au hakujua, yeye na Mola wake.

Basi tukaingia Kuze. Watu wako barazani, marashi yanatudondokea, nami nimeuinamisha uso kama mvulana mwenye haya. Nikafika chini ya dirisha la nyumba yetu wenyewe. Juu pale alikuwa bibi yangu, mama yake baba, Bi Mwanaisha, na mrashi wake mkononi. Akanyunyiza mara moja. Alipoinua mkono tena, mkono ukabaki hewani.

Mwanangu, nilikuwa nimefikiria kofia, nimefikiria sauti, nimefikiria hata namna ya kukohoa. Sikufikiria miguu. Bwana Dadi alitaka wanafunzi wake wapande miguu mitupu, kidole gumba kiujue ukingo wa kikuku, kile chuma cha tandiko cha kukanyagia. Na siku mbili nyuma tulikuwa tumemwoza binamu yangu, nami nilipakwa hina kama wasichana wote wa arusini, nyekundu iliyokoza, maua mpaka juu ya kifundo. Mvulana gani wa Kuze hupakwa maua mguuni?

Bibi akaushusha mrashi tu. Lakini jirani yetu Bwana Hemedi, muuza vitambaa, alikuwa amekaa kwenye baraza yake, na macho yake yalikuwa usawa wa kikuku changu. Nilimwona akiutazama mguu, akaninyanyulia uso polepole. Marijani akapita. Njia ya mwongo fupi, nami yangu haikutoka hata nje ya mtaa.

Ungedhani nilirudi. Sikurudi! Nilikwenda Kibarani, na Bwana Dadi aliposema waachieni, nilimwachia Marijani, kofia ikaruka, nikacheka kwa sauti yangu mwenyewe. Nilifurahi, mwanangu. Mpaka leo nikisikia harufu ya majani yaliyonyeshewa nafurahi upya.

Niliporudi nikawakuta wageni. Bwana Hemedi na wazee wawili walikuwa sebuleni na baba yangu, mshona kofia, mtu mpole asiyeweza kumkatalia mtu hata kikombe cha kahawa. Nikasimama nyuma ya pazia.

"Bwana Saidi, hatukuya kwa ugomvi," alisema Bwana Hemedi. "Lakini mtoto wa kike, juu ya farasi, na kanzu ya kiume! Na kama jambo lalikuwa la kheri, mbona alijifita ndani ya nguo za kakake?"

Baba akammiminia kahawa.

"Tumekwisha kumwambia Dadi. Ama awafungie mlango wasichana, ama sisi twawatoa wana wetu. Alhamisi iyayo ni mwisho."

Baba akamwongezea kahawa, na kahawa ile ndiyo iliyoniuma. Si mimi peke yangu niliyekuwa nafungiwa. Wenzangu wawili, ambao hawakuvaa kanzu ya mtu, walikuwa wanapoteza hata ule ua wetu wa nyuma ya ukuta, kwa ajili ya miguu yangu.

Bibi akaniita juu. Nikapanda ngazi nimejitayarishia matusi. Alikuwa amekaa kitandani, mrashi bado mapajani.

"Lete mguu," akasema.

Nikautoa. Akaushika, akaugeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha.

"Hina njema hii. Mbona waionea haya?"

"Sioni haya, Bibi. Nimekosa, nisamehe. Sitapanda tena."

Ndipo alipokasirika. Mpaka hapo hakuwa amekasirika.

"Nani kakwambia usipande? Nakugombeza kwa kujifita! Hemedi hakuwa na neno mkononi. Neno umempa weye. Kauliza swali moja tu, mbona alijifita, na babako hana la kujibu, kwa kuwa halina jibu. Mwizi ndiye aendaye na nguo ya mwenziwe."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza.

"Sikiza. Mimi naliolewa zama za shiraa. Wayua shiraa? Ni hema la nguo, watumwa wane washika miti, weye katikati wenda, hakuoni mtu, nawe huoni ila visigino vya alo mbele yako. Hivyo ndivyo mwanamke wa watu alivyotembezwa. Nimezaa wana watatu siyui ndia ya kwenda kwa mamangu, na nyumba yake ni hapo nyuma ya msikiti. Kisha likaya buibui. Wazee wakapiga makelele: mwanamke apita ndiani peke yake, kwa miguu yake, na nguo moja tu! Ati ni uchi. Tukalivaa. Tukalivaa mtana, tukapita mbele ya baraza zao, tukawaamkia kwa majina yao. Leo Hemedi huliita heshima. Buibui hilo, mwanangu, lalikuwa ubishi wetu! Nawe siku ya kulihitaji umelivua, ukavaa kanzu ya Athmani."

Akauachia mguu wangu.

"Lila na fila hazitangamani. Kama kupanda ni haramu, usipande hata nyuma ya ukuta. Na kama ni halali, panda wakuone."

"Na wakisema, Bibi?"

"Watasema. Kwani walinyamaza lini?"

Kwa baba alisema maneno machache zaidi. Alimwambia, "Saidi, ni mimi nilokuzaa," na mambo ya upande wa baba yakaishia hapo. Kwa Bwana Dadi alimtuma Athmani, amwombe wasichana watoke na msururu Alhamisi ile. Mbulushi yule akafikiri sana, kwani wanafunzi ndio riziki yake, kisha akajibu kwamba farasi wake hajawahi kumuuliza mtu ni mwana wa nani, na yeye hatauliza kabla ya farasi.

Basi Alhamisi ikafika, na mvua yake, na jua lake. Bibi alikuwa amenipaka hina upya kwa mkono wake, nyeusi zaidi ya ile ya arusi. Nilivaa suruali yake ya marinda, na juu yake buibui langu nimelifunga kiunoni lisiguse kwato. Wenzangu wawili walikuwa nyuma yangu, kila mmoja na buibui lake. Nilipofika mlangoni kwetu nikamwona Bibi ameshuka. Hakuja kuniaga. Alinyoosha mkono, akashika hatamu ya Marijani chini ya kidevu, na akaanza kwenda mbele.

Mbele ya baraza ya Bwana Hemedi akasimama.

"Sabalkheri, Bwana Hemedi."

Mtu wa Mombasa anaweza kukunyima mengi, lakini hakunyimi jibu la salamu, sembuse mtu mzima wa rika la mamake. Akainuka. "Sabalkheri, Bi Mwanaisha."

"Huyu ni mjukuu wangu, Zuhura binti Saidi. Wiki jana nasikia ulisumbuka, wamtambulia miguu. Leo nimekuletea mzima mzima, mtazame upendavyo."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Bwana Hemedi akatazama chini.

Usidhani mji ulishangilia. Madirisha mengi yalifungwa siku ile, na marashi yalinyesha kutoka dirisha moja tu, la Bi Gulu. Wavulana wanne walitolewa chuoni. Posa iliyokuwa njiani kuja kwangu ikageuza ikarudi ilikotoka, na mama alilia, mimi sikulia. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Lakini lile neno la mbona alijifita halikusemwa tena, kwa kuwa halikuwa na pa kukaa. Mlango wa wasichana haukufungwa, na vuli iliyofuata hatukuwa watatu tena.

Sasa sikiliza hili, ndilo nililokuitia. Tulipofika nyumba ya mwisho ya Kuze, Bibi akasimama. Nikadhani amechoka. Amesimama njia panda na hatamu mkononi, anatazama kulia, anatazama kushoto, yule mwanamke aliyetoka kumnyamazisha Hemedi. Kisha akaniinulia uso.

"Zuhura, hapa ndia ni ipi?"

Zile alizozijua zilikuwa zimekwisha. Maisha yake yote katika kisiwa hiki kidogo, hakuwahi kupita nyumba ile.

"Kuliani, Bibi."

Akageuka kulia, akaenda. Na kila penye njia panda mpaka Makupa alisimama akauliza, sauti kubwa, watu wakisikia, nami nikamwambia kutoka juu ya farasi.

Najua una jambo lako, mwanangu. Sikuulizi ni lipi. Nimeona tu unavyofunga mlango. Basi nasaha yangu ni hii, ichukue kama ilivyo. Lipime jambo lako kwanza, kwa Mungu na kwa utu. Likiwa baya, liache, hata kama hakuna akuonaye. Likiwa jema, litoe mchana, kwa jina lako na kwa nguo yako, maana jema likifichwa watu huliita ovu, na wewe mwenyewe ndiye uliyewafunza jina hilo. Watakufungia madirisha. Waache wafunge, madirisha ni yao na njia ni ya wote. Na ukipanda, usimwone mjinga yule aliye chini anayekuuliza pa kupita. Huenda ndiye aliyekushikia hatamu.

Nenda, Mola akunyanyulie uso usiinamishwe na mtu. Akupe wa kukutoa mtaani kwako siku ya watu kusema, na akujaalie umri uje umtoe wako, na utakapofika pale njia zako zitakapokwisha, akupe moyo wa kuuliza. Amina.