Kisu cha Mkono wa Kushoto

Napenda visu, na sioni aibu kusema. Wanawake wengine wakienda sokoni wanatazama vitenge; mimi nageuzageuza visu na kujaribu makali kwa ukucha, hadi muuzaji aniulize kama nanunua au nakagua. Shoga zangu wakiniuliza mpenda visu aanze na vipi, nawaambia wawe na kimoja kifupi cha kumenyea mihogo, kimoja cha kuchinjia ambacho hakigusi kitunguu wala hakiazimwi, na kimoja chembamba cha samaki. Hicho cha samaki ndicho kilichonitoa jasho.

Mama mkwe wangu alikuwa na nafasi yake kwenye meza za kukatia samaki pale Kibirizi, kando ya ziwa. Magoti yalipoanza kumsumbua, sote nyumbani Buzebazeba tulijua nafasi hiyo itakwenda kwa atakayemtaja yeye. Niliitaka, tena niliitaka hasa, kwa sababu nilikuwa nimechoka kumwomba mume wangu kila kitu hadi chumvi.

Tatizo ni kwamba mimi ni wa kushoto. Mama mkwe, ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo na ambaye hakosi swala, hakuwa mkali kwangu kwa jambo jingine lolote. Ila nikishika kisu anageuza uso. "Mwanangu, mkono huo ni wa chooni. Nani atakula samaki wako?" Nilimjibu kwamba naosha yote miwili. Nikajaribu wa kulia ili kumridhisha, nikajikata kidole gumba, nikaapa sirudii.

Kibaya zaidi, hata nikitumia mkono wangu, kisu chake hakikunitii. Kuhe, yule samaki mkubwa wa ziwa letu, alitoka mikononi mwangu kama aliyetafunwa, nusu ya nyama imebaki kwenye mfupa. "Si nilikwambia? Ni huo mkono," alisema mama mkwe. Iliniuma, maana nilikaribia kumwamini.

Siku moja nikikinoa kisu hicho niliona jambo. Makali yake yalichongwa upande mmoja tu, upande wa pili ni bapa. Nikachungulia vya wenzake wa mezani, vyote vilikuwa hivyo. Kwenye mkono wa kulia kinalala kwenye mfupa. Kwenye mkono wangu kinakimbilia nyama.

Nikaenda Simbo, kwetu nilikozaliwa, kwa mzee anayefua visu kwa springi za magari.

"Shikamoo, Mzee. Nataka kisu cha samaki, makali yachongwe upande wa pili."

Alicheka, akasema kisu cha namna hiyo hakuna atakayekitaka. Nikamwambia nakitaka mimi, kisha nikakaa kwenye gogo mbele ya kibanda chake. Akafua jembe, akafua panga, mimi nipo tu. Alasiri akachukua kipande cha springi bila kuniangalia.

Mpini niliuzungushia mpira wa baiskeli usije ukaniteleza. Asubuhi nikaenda Kibirizi, nikasimama kando ya mama mkwe bila kuomba ruhusa, nikampasua kuhe mkubwa. Mnofu ulitoka mzima, mfupa ukabaki mweupe. Mama mkwe aliutazama ule mfupa, akaugeuza, akautazama tena. Kisha akataka kisu. Nikakiweka mezani, maana kwetu kisu hakipeanwi mkono kwa mkono, naye akakiokota na kuanza upande wa pili wa samaki.

Kikamtoroka. Yeye aliyekata samaki tangu usichana wake aliuchana mnofu ule ovyo. Alijaribu tena, kikamtoroka tena. Akakirudisha mezani taratibu.

"Kumbe ndivyo ulivyokuwa unahangaika na changu," alisema.

Nikakichukua kisu changu, nikakifuta. Wakati huo mama ntilie mmoja alifika na sangara wake. Akaona mkono nilioshikia kisu, akanipita na kumpa mama mkwe samaki. Mama mkwe akamsukuma yule sangara hadi mbele yangu.

"Huyu ndiye anayekaa hapa sasa," alimwambia yule mama ntilie. "Kama mkono wake haukupendezi, ondoka na samaki wako mzima."