Mkono wa Cherehani

Wanu wa Kikwajuni alikuwa fundi wa kushona wa kusifika, ila mwaka ule wa 1971 cherehani yake ilikaa bila ya mkono wa kuzungushia. Mkwewe, Bi Sichana, aliung'oa siku aliyojua kuwa mimba ya pili imeingia, akautia mkobani, na mkoba akawa hauachi hata akienda msalani. Sikukuu hiyo inabisha hodi, magauni ya watu yamelala vipande vipande, na Wanu vidole vinamuwasha.

Sababu ni Masoud, mtoto wa kwanza, aliyezaliwa na mgongo uliopinda kidogo. Mwenyewe hana habari. Kutwa mbio, na jikoni hakibaki kitu. Lakini Bi Sichana alishakata hukumu: "Ulijikunja kwenye cherehani, ukamkunja na mjukuu wangu. Huyu wa pili humkunji." Maneno hayo yalimchoma Wanu kuliko sindano.

Siku moja mkunga, Bi Mwanaasha, alikuja kumpima Wanu, akamkuta Bi Sichana anakanda unga wa chapati. Alipokwisha kusomewa kesi yote, alinawa, akamega unga bila kuomba, akapanga vitonge vidogo safu mbili.

"Mtoto tumboni huanza hivi, Bi Sichana. Vitonge mgongoni, huku na huku. Kila kimoja hugawika: sehemu ya ndani huwa mifupa ya uti wa mgongo na mbavu, ya kati huwa misuli, ya juu ngozi ya mgongo. Kimoja kikikaa vibaya, mgongo hupinda."

"Na cherehani ndiyo inayovisukuma," alisema Bi Sichana, macho kwenye unga wake.

"Haiwahi. Miezi miwili haijatimia, vyote vishajipanga. Kwa nini kimoja hukosea, Mungu ndiye ajuaye."

Wanu alishtuka. Cherehani ile aliipata mimba ya Masoud ikiwa ya miezi sita. Alitaka kusema, akamtazama mkwewe. Bi Sichana alikuwa analia.

Ni yeye aliyemletea ile cherehani, zawadi, kwa furaha ya mjukuu.

"Miaka yote hii n'nakulaumu wewe," alisema, "nikilala n'najilaumu mimi. Mimi ndiye niliyekupa."

Wanu aliitafuta hasira yake asiione. Alimwonea huruma tu. Bi Sichana alifungua mkoba kwa mikono yake ya unga, akautoa ule mkono wa cherehani.

"Anza na kanzu ya Masoud," alisema. "Na ukae wima."