Uchovu wa Adventina Ulivyotufikisha Bugene

Niliacha shule kidato cha pili wazazi walipofariki, nikabaki na wadogo zangu na kibanja chetu cha migomba hapa Kimuli. Adventina, anayenifuata, aliugua homa mwaka jana, na tangu hapo uchovu na maumivu ya mgongo havijamtoka. Vipimo havikuonyesha kitu. Majirani walimwita mvivu. Nilipoona nami naanza kuwaamini, nikaamua nimpeleke kwa shangazi, atusaidie kutafuta tiba.

Jumatatu alfajiri tulipanda bodaboda, yeye katikati, mkungu wa ndizi nyuma. Njia nzima alisinzia mgongoni kwa dereva.

Saa tano tulifika Bugene kwa shangazi Kokushubira, akatupa kahawa za kutafuna, desturi ya kumkaribisha mgeni. Alimtazama Adventina, akacheka.

"Mgonjwa gani huyu? Ananawiri kuliko mimi."

Kabla ya safari nilikuwa nimempumzisha siku tatu, asionekane kwa watu akiwa hoi. Niliogopa nimeharibu safari, kwani sasa alionekana mzima.

Mchana shangazi alitupeleka kwa mtaalamu wa kunyoosha uti wa mgongo, mama wa makamo. Tulimwamkia shikamoo. Alimbonyeza Adventina taratibu, na maumivu ya mgongo yakapungua. Nikauliza kama uchovu nao utaondoka.

"Hilo siwezi kukuahidi, baba. Watafiti wenyewe bado wanatafuta chanzo cha uchovu wa namna hii. Siku akipata nguvu, unampa kazi gani?"

"Palizi yote iliyolala. Mwenyewe hulikimbilia jembe."

"Na kesho yake?"

"Haamki. Hata kikombe kinamshinda."

"Mvivu hakimbilii jembe siku akipata nguvu," alisema, akatuandikia barua ya kwenda kwa daktari.

Jumanne asubuhi daktari aliisoma, akapitia vipimo vyote, akauliza maswali mengi. Alisema ni ugonjwa wa uchovu sugu. Dawa ya kuuponya haijapatikana, ila kuna namna ya kuishi nao: apumzike kabla hajachoka.

Nje, Adventina aliniuliza, "Kaka, majirani utawaambia wewe au mimi?"

"Mimi. Nilikuwa upande wao."

"Nilijua," alisema, akanishika mkono.

Jumatano tulirudi Kimuli. Jirani alituita kutoka barabarani, "Mvivu wenu amepona?"

"Ni mgonjwa," nilijibu, "na mimi ndiye niliyekuwa namzidishia ugonjwa kwa kazi."

Nilichojifunza ni kumzuia siku anayojiweza. Jana aliamka na nguvu, akachukua jembe. Alipofika mgomba wa nne nikamwambia inatosha. Alininunia hadi jioni. Leo asubuhi nimemkuta jikoni, ameshaamka, anamenya ndizi.